Mzazi Asiye na Mtoto

Juzi, siku moja baada ya Krismasi, shangazi yangu Aikande aliinamia sufuria ya machalari nyumbani kwa bibi, Mwika, akachota ndizi moja na kipande cha nyama kisichozidi kidole gumba. Akaviweka kwenye kisahani cha kikombe cha kahawa, akaketi kwenye kigoda kando ya jiko. Uani watu walikuwa wengi, kama ilivyo kila Desemba Wachagga wa Dar wanapopanda mlimani wote kwa mpigo, magari yamepangwa hadi kwenye migomba, watoto wasiofahamiana wanalazimishwa kusalimiana kwa sababu ni ndugu. Hakuna aliyemwangalia shangazi. Mimi nilimwangalia. Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, nimeanza chuo, na mpaka leo mimi ni mtu wa kukaa pembeni na kutazama. Lakini kuna mwaka mmoja ulionifundisha kufungua mdomo, na nilipoona kile kisahani kwenye mapaja yake mwaka ule ukanirudia wote, na harufu zake.

Nilikuwa kidato cha tatu. Kwa nini nilikuwa naishi kwa bibi ni hadithi ndefu na si yangu peke yangu, naiacha. Shangazi alikuwa anakaa Moshi mjini, na kazi yake ilikuwa kupika kwenye shughuli: harusi, vipaimara, misiba mikubwa. Alikuwa na masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Na yeye mwenyewe alikuwa mkubwa, mkubwa kweli. Kwetu mtu wa namna hiyo haambiwi mnene, anaambiwa amependeza, maisha yamemkubali. "Nimependeza mpaka magoti yanalia," alikuwa akisema, halafu anacheka, halafu anatafuta mahali pa kukaa. Alikuwa na sukari, alikuwa na presha, na kupanda kutoka barabarani hadi kwa bibi alikuwa anapumzika njiani akijifanya anakagua kahawa za watu. Mwaka ule akaenda Dar akafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Walitoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kikabaki kitu chembamba kama ndizi moja. Hakumwambia mtu isipokuwa wanawe. Bibi aliambiwa mambo yalipokuwa yamekwisha, kwa simu, naye alikaa kimya muda mrefu mpaka shangazi akadhani mtandao umekatika.

Alikuja kwetu masika yakiwa yamechanganya, njia yote matope, akiwa amevaa gauni lake la zamani lililomzunguka kama pazia. Sasa hapa ndipo yalipoanza yote. Kwa bibi, mwanamke anayerudi nyumbani tumbo limekatwa ni mzazi, sawa na aliyejifungua, na mzazi ana taratibu zake. Bibi alihamisha magunia ya mahindi kutoka chumba cha nyuma, akatandika kitanda, akaziba dirisha kwa blanketi upepo usiingie. Mbuzi akachinjwa. Ukapikwa mtori wa ndizi na nyama, mzito wa kusimamisha kijiko, juu yake samli imetanda kama dimbwi. Ukaletwa mlaso, ile damu inayochanganywa na maziwa na mafuta, ambayo kila mama wa huku amenyweshwa baada ya kujifungua akapata nguvu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli.

"Mama, mimi sijazaa," shangazi akasema.

"Umekatwa tumbo, hujakatwa?"

"Nimekatwa."

"Damu ilitoka, haikutoka?"

"Ilitoka kidogo."

"Basi kunywa."

Akanywa. Hospitali walikuwa wamemwambia aanze na vitu vyepesi, asonge mbele taratibu, na kitu kikigoma kupita arudi mara moja. Lakini mbele yake alikuwa amesimama mama yake mzazi, mwanamke aliyeinama kwa umri, aliyekuwa ameamka kabla ya jogoo kumenya ndizi zile kwa mikono inayouma. Mtori ulishuka kidogo, ukasimama, ukarudi. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo iliyofunikwa kanga. Mlaso ulikuwa mbaya zaidi: jasho lilimtoka, moyo ukamwenda mbio, akalala ameshikilia mbao za kitanda kama mtu aliye kwenye gari bovu. Halafu akafumbua macho, akaniona nimeshika bakuli. "Anande," akasema, "kama huyu mtoto niliyemzaa ana tabia hizi, baba yake ni nani?"

Wageni walikuja, kwa sababu mzazi hutembelewa. Walileta maziwa kwenye vibuyu, walileta mikungu ya ndizi. Mtoto mmoja wa jirani alichungulia chini ya shuka, akainua mto, akauliza kwa sauti, "Mtoto yuko wapi?" Mama yake akambana mdomo. Shangazi alicheka peke yake, kicheko chake kilekile cha zamani ambacho safari hii kilitoka kwenye mwili uliokuwa unapungua kila ukimtazama. Nywele zilikuwa zinatoka kwenye kitana kwa mafungu. Nikimsaidia kuoga, aliishika ngozi ya mkono iliyoning'inia, akaipunga kama kitambaa cha kwaheri. Mimi nilikuwa naona aibu na mwili wangu wenyewe, naogea gizani na mlango nimeusukumia jiwe. Yeye alisimama pale mchana kweupe, maji yanamchuruzika, akasema, "Angalia vizuri, ukubwani usije ukaambiwa na watu. Huu ni mwili umefanya kazi."

Mwezi wa sita, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye mabati, jirani yetu Mama Penieli akaja na ombi. Binti yake alikuwa anapata kipaimara, na alikuwa amewaahidi wageni chakula cha Aikande. Bibi akamkatalia palepale: mzazi hapiki. Shangazi akajiburuza kutoka chumbani na kanga mabegani. "Mimi mzazi wa ajabu," akasema, "nipeni kigoda." Akakaa jikoni katikati ya moshi, akawapanga wanawake, huyu ndizi, huyu nyama, huyu kuni. Tatizo likaja kwenye kuonja. Alipoweka mchuzi mdomoni uso ulibadilika, akautema, akafuta midomo. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake, hofu. Mpishi asiyeweza kuonja ni nini? Wanawake waliacha kumenya. Ndipo akaniita.

"Anande, njoo hapa. Kuanzia leo wewe ni ulimi wangu. Onja."

Nikaonja. Wote wananiangalia. Masikio yaliwaka moto. "Tamu," nikasema kwa sauti ya panya.

"Tamu si neno. Tamu ni kitu anachosema mgeni anayetaka kuondoka. Chumvi inakuja mwanzo au inakuja nyuma?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Ukishameza. Inabaki kwenye... kwenye pembe za ulimi."

"Ndizi?"

"Zimeiva nje. Katikati zinakwaruza."

"Mafuta?"

"Yanakaa juu. Hayajaingia."

Shangazi akageuka kwa wale wanawake, akanyoosha kijiko kunielekezea. "Mmeona? Anajua. Alikuwa anatubania tu." Akaamuru moto upunguzwe. Chakula kile kililiwa mpaka masufuria yakakombwa, na mimi, ambaye darasani nilikuwa nikiulizwa swali najifanya nimeangusha kalamu, nilitembea kutwa nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Baada ya hapo ikawa ndiyo mazungumzo yetu. Nikitoka shule ananiuliza nimekula nini, na haruhusu neno "kawaida". Maharage ya shule yana ladha gani? Ya vumbi, nikasema. Vumbi gani, la barabarani au la ubao? La gunia. "Enhe!" anapiga makofi. Nilikuwa na daftari langu la kumbukumbu, na kabla ya hapo kurasa zote zilisema leo nimechoka, leo nina huzuni. Alinifundisha kwamba huzuni nayo ina mahali inapoanzia na mahali inapobaki. Na haya yote alinifundisha huku yeye mwenyewe hali. Ninapofikiria hilo sasa nashangaa. Mtu ana njaa, kila kitu kinarudi, naye analala amefumba macho anamsikiliza mtoto akisimulia maharage, anatabasamu kama yeye ndiye aliyeshiba.

Maneno nayo yalikuwa yanatembea. Siku moja wanawake walikuwa uani wanamenya ndizi, dirisha la chumba cha nyuma limezibwa kwa blanketi, wakasahau kwamba blanketi si ukuta. Mmoja akasema mtu hakondi vile hivihivi, kuna ugonjwa unafichwa, si unajua maisha ya mjini. Mwingine akasema hapana, ni urembo, alitaka kuwa kama wasichana, basi amejitakia. Nilikuwa ndani, nimeshika kikombe chake. Shangazi aliinuka kwenye kiwiko. "Jamani!" akapaza sauti. Nje visu vikasimama. "Kama ni huo ugonjwa, ningetaja jina lake na dawa zake ningemeza mbele yenu. Tumbo nimekatwa kwa hiari yangu, nilitaka kuona wajukuu. Na hizo ndizi mnazimenya vibaya, nusu yake mnampa ng'ombe." Nje wakacheka kwa aibu, mmoja akasema, "Pole, mama, aika," kama anashukuru kwa Kichagga kwa kutukanwa. Lakini aliporudisha kichwa kwenye mto nilimsikia akilirudia lile neno polepole, amejitakia. Nikaelewa kwa nini hakuwa anarudi hospitali. Ugonjwa alikuwa anaumudu. Kilichomshinda ni kufikiria ataonekana akibebwa kwenda kwa walewale waliomkata, na watu wa huku wakitikisa vichwa: si alijitakia?

Mwezi wa saba akaanza kuyumba. Kwanza alishika ukuta, halafu akawa anashika hata mgomba. Alisema miguu ina sisimizi. Aliniangalia akaniuliza kwa nini leo nimekuja na mwenzangu. Nilikuwa peke yangu. Asubuhi moja alikwenda chooni peke yake kwa ubishi, na kurudi akaanguka kwenye mibuni, kwenye matope, miguu imekwenda huku na huku. Mama Penieli alikuwa anapita kwenye njia ya maji. Alimpenda shangazi, lakini mdomo ulimtangulia. "Mae! Aikande! Mbege asubuhi yote hii?"

Bibi alisikia. Sikuwahi kumwona bibi akikimbia kabla ya siku ile. "Nani amelewa? Mwanangu amelewa? Kinywa chake kinuse! Nusa!" Mama Penieli akarudi nyuma, anaomba samahani, bibi hasikii. "Tunakwenda hospitali wampime, waseme wenyewe kama amekunywa! Na wewe unakuja kusikiliza!" Basi ndivyo tulivyokwenda, sisemi uongo. Miezi yote ile ya kutapika haikumpeleka shangazi hospitali, ikampeleka hasira ya mama aliyetaka kuthibitisha kwamba bintiye hajalewa. Ikapatikana pikapu iliyokuwa inapeleka ndizi Himo. Shangazi akalazwa mbele, kichwa kwenye mapaja ya bibi. Mimi na Mama Penieli tukakaa nyuma juu ya mikungu, Mama Penieli analia njia nzima na kunishika mkono. Himo dereva hakushusha hata mkungu mmoja, akapitiliza mpaka Moshi.

Daktari alikuwa dada kijana, ana sauti ya chini, hana haraka. Akamuuliza shangazi anakula nini. Shangazi akajikaza, akatabasamu. "Kila kitu, daktari. Sijambo, ni uchovu tu." Bibi akadakia, "Anakula vizuri, mimi ndiye nampikia. Mpime pombe." Daktari akaniangalia mimi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimeshika ndoo.

Nilimwangalia shangazi. Alinitikisia kichwa kidogo sana, usiseme. Na nilijua nikisema nitakuwa nimemvua nguo mbele ya mama yake: kwamba mtori wote wa miezi yote, mikono ile yote iliyouma, uliishia kwenye ndoo. Lakini ni yeye mwenyewe aliyekuwa amenifundisha kwamba kuna maneno ya wageni wanaotaka kuondoka.

"Hali," nikasema. "Kinarudi chote. Uji unakaa kidogo, mtori haukai kabisa. Na ukirudi hauna uchachu. Nanusa ndoo mimi, ndiye ninayeimwaga. Unarudi na harufu ileile uliyoingia nayo, ya ndizi na samli. Kama haujafika popote."

Daktari akaacha kuandika. "Hauna uchachu kabisa?"

"Hauna. Na anaona watu wawili wawili. Na miguu ina sisimizi, ilianza vidoleni ikapanda. Na hajalewa."

Bibi alikaa chini kwenye benchi polepole. Shangazi alikuwa ananitazama, nikafikiri ana hasira, kumbe machozi. "Umesikia anavyosema?" akamwambia daktari. "Mpangilio ule! Huyo ni ulimi wangu."

Walimwekea vitamini kwenye mshipa kabla ya kitu kingine chochote. Daktari alitueleza kwa Kiswahili cha nyumbani: njia ya chakula ilikuwa imebana, kilichokuwa kinapita hakitoshi, mwili umemaliza akiba ya vitamini, ndiyo maana miguu na macho vimeyumba, na tungechelewa kidogo asingerudi kuwa Aikande. Yeye hakusema ni kosa la nani. Bibi ndiye aliyeuliza. "Ni mtori wangu?" Daktari akamshika mkono, akasema hapana, bibi, njia ingebana hata kwa maji, ila sasa chakula chako kiwe chepesi. Baadaye walimpitishia puto dogo kooni likaipanua njia, si mara moja, na kila akiitwa shangazi alikwenda amepaka mafuta, amefunga kilemba, kama mtu anayekwenda kusuka. Alichokuwa anakiogopa hakikutokea. Waliosema amejitakia walikuja kumwona wakiwa na chupa za chai, naye akawaambia, "Ndiyo, nilijitakia. Na hii pia najitakia."

Bibi tuliporudi hakulia wala hakuomba radhi. Alishusha blanketi dirishani mwanga ukaingia. Akachukua chujio lake la mbege, lile ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, akalifua kwa maji ya moto mpaka likaisha harufu ya pombe, akachuja mtori. Akachuja tena. Ukatoka mwepesi kama maji ya mchele, bila samli, akaumimina kwenye kikombe cha kahawa kisicho na mkono, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akampa kijiko kwa kijiko, akingojea katikati. Kila kijiko kilipobaki tumboni bibi alitikisa kichwa kama anayesikiliza mahubiri mazuri. Nimeona watu wakipendana kwa namna nyingi, lakini hiyo ndiyo niliyoiandika kwa kalamu nyekundu.

Na kwa sababu mzazi hawezi kukaa ndani milele, ilipofika mwezi wa kumi bibi akamtoa nje. Alimvika kitenge kipya kilichoshonwa kwa kipimo cha mwili mpya, akampa fimbo, akamtangulia kwenda sokoni, siku ya soko, kama mama zamani alivyotolewa baada ya uzazi. Shangazi alipanda kilima cha sokoni bila kukagua kahawa za mtu. Wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele, Mama Penieli wa kwanza na kwa nguvu kuliko wote, na mmoja muuza ndizi akachokoza, "Hongera, mama! Na mtoto yuko wapi?"

"Ndiye huyu mnayemwona," shangazi akajigonga kifua. "Nimeanza uji, meno bado."

Tangu hapo ameishi na lile tumbo kama mtu anavyoishi na mwenye nyumba mkali. Sindano zake za vitamini hazikosi, tembe zake anazitafuna hadharani kama karanga, maji hachanganyi na chakula, na akikosea bado hutoka jasho na kulala kidogo. Sukari imeshuka, magoti yamenyamaza. Wanawake humjia kwa siri kumuuliza, nifanye nisifanye? Hamwambii mtu fanya wala usifanye. Huwaeleza ndoo, huwaeleza nywele, huwaeleza kilima, halafu anawaambia, "Ukifanya, usione haya kurudi kwa daktari. Haya ndiyo ilikuwa inaniua mimi." Ninajua watu wengi wajasiri kwenye vitabu vya historia tulivyokariri. Sijui wengine wanaoweza kusema hivyo huku wanakatakata vitunguu.

Basi juzi alikaa na kisahani chake. Alikata ndizi kwa ncha ya kijiko, akaweka mdomoni, akatafuna sana, macho yametazama moto, kama mtu anayesoma. Bibi, ambaye siku hizi haoni vizuri, alikuwa amegeuzia sikio upande wetu. Nikachuchumaa karibu.

"Ikoje, shangazi?"

Akameza. Tukangojea wote watatu, kwa mazoea. Ikakaa.

"Tamu," akasema.

"Shangazi! Tamu si neno. Ni la mgeni anayetaka kuondoka."

"Kwa mgeni, ndiyo," akanijibu, akaninyooshea kisahani nimwongezee. "Mimi sina safari."